Watoto Wetu na Hadithi za Kubuni: Mskoti wa Kweli ni Yupi?

  

Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba darasa letu la Jumamosi lina saa moja ya Kiswahili, baada ya Qur'ani na kabla ya chakula, na katika saa hiyo tunawataka watoto waandike. Lengo la mwanzo lilikuwa dogo tu: wasije wakakulia Glasgow wakashindwa kumwandikia barua bibi aliyebaki Kismayo au Mombasa. Lakini watoto ni watoto. Barua ziligeuka visa, visa vikarefuka, na sasa tuna mafungu mawili ya karatasi kabatini. Fungu moja ni hadithi za Uskoti, la pili ni hadithi za visiwani kwetu, na yote mawili yana ugonjwa mmoja.

Katika fungu la kwanza kila Mskoti ana ndevu nyekundu, amevaa ile sketi ya mirabaraba, ana zumari la mfuko kwapani, na amelewa. Mvulana mmoja amemtia mlevi wake ndani ya lifti na kumpigisha zumari humo humo mpaka ghorofa ya kumi na nane. Tulicheka, hatukatai. Katika fungu la pili kila bibi wa Chula au Koyama ameketi chini ya mnazi, analia, na anamwambia mjukuu kwamba zamani kulikuwa na amani. Mskoti wa hadithi hizi hatujapata kukutana naye katika miaka yote tuliyokaa hapa. Bibi huyo naye hatumjui, na wengine wetu ndio waliolelewa na mabibi wa Chula!

Wapo wazazi waliouliza kama kubuni hadithi si kuwafundisha watoto uongo. Suala la hukumu tunawaachia masheikh zetu. Sisi tunasema tu kwamba anayeandika hadithi na kusema wazi kuwa ni hadithi hamdanganyi mtu. Isitoshe, watu wetu wametungiana visa tangu enzi za babu zetu, na watoto wamelala kwa ngano za sungura na fisi. Uongo tunaouogopa ni mwingine: kumwandika jirani yako kinyume na alivyo, halafu msomaji akaamini. Surat al-Hujurat imetukataza kudharau watu na kuwabandika majina mabaya, na hatuoni kwamba makatazo hayo yanakoma pale mtoto anaposhika kalamu.

Kwa nini tunalikazania jambo hili, wakati wengine watasema ni mchezo wa watoto? Kwa sababu sisi Wabajuni tunajua maana ya kutoaminiwa.

Vijana ambao hawakuwapo tuwakumbushe kidogo. Vita vilipoingia mwaka 1991, watu wa visiwani na wa Kismayo waliporwa mashua, nyavu na kila walichokuwa nacho, na wengi walikimbilia Kenya, katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa. Baadaye baadhi walifika Ulaya. Kuanzia mwaka 2000, kufuatia sheria ya Uingereza ya 1999, waomba hifadhi walianza kutawanywa nje ya London, na Glasgow ikawapokea wengi. Ndipo baadhi ya watu wetu, waliozaliwa katika nyumba za chini zenye upepo wa bahari mlangoni, walipojikuta katika majengo marefu ya Sighthill na Red Road. Red Road ilikuwa na majengo manane, marefu zaidi yakiwa na ghorofa 31, na la mwisho liliangushwa mwaka 2015.

Kabla ya kupewa ruhusa ya kukaa ilikuwa lazima uhojiwe. Wengi katika jamaa zetu wameketi mbele ya afisa na mkalimani wakaulizwa: taja visiwa vya Wabajuni kutoka kaskazini hadi kusini. Taja samaki. Kwa nini husemi Kisomali vizuri? Kwa nini Kiswahili chako kinafanana na cha Kenya? Sasa mchukue mama wa Koyama ambaye maisha yake yote yalikuwa kisimani, jikoni na ufukweni. Yeye anaijua Koyama, na Kismayo aliwahi kwenda kwa harusi. Ngumi, Chovai, Chula na Mdova ameyasikia majina, lakini nani kavipanga mstarini, hilo halikuwa shughuli yake. Akajibu alivyojua, na pale asipojua akanyamaza. Kunyamaza kule kukahesabiwa dhidi yake. Na hapo hapo mtu ambaye hajawahi kuiona bahari ya kwetu angeweza kukariri orodha nzima usiku mmoja na kuitema asubuhi bila kukosea.

Lugha nayo ilipelekwa maabara. Sauti zilirekodiwa, zikasikilizwa na wachanganuzi wa kampuni ya Uswidi iitwayo Sprakab, na ripoti zikaandikwa kusema mtu huyu katoka wapi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa uamuzi juu ya ripoti za namna hiyo, katika kesi za Wasomali zilizotoka huku huku Uskoti. Ilieleza kwamba ripoti hizo zinaweza kupokelewa kama ushahidi, lakini mchanganuzi asivuke mipaka ya ujuzi wake akaanza kuhukumu kama mwombaji anaijua nchi yake au haijui, na uzito wa kila ripoti upimwe kwa makini. Kwa waliokwisha kukataliwa miaka ile, uamuzi ulikuja umechelewa.

Basi tunalolitaka watoto wajifunze katika uandishi ndilo lile lile tulilotamani maafisa wale walijue. MTU WA KWELI HAJUI KILA KITU CHA KWAO. Anajua kipande chake, na kipande hicho anakijua sana. Baharia wa Chula anaweza kukueleza kwa nusu saa namna ya kumnasa kasa kwa yule samaki anayejibandika kwa kichwa, unamfunga uzi mkiani, unamwachia, anakwenda kujigandisha kwenye gamba, nawe unavuta taratibu. Mwulize huyo huyo mwaka gani Waitaliano waliichukua Kismayo, atakwambia muulize maalim.

Na Mskoti vivyo hivyo. Wako watu wa Glasgow ambao hawajapata kufika kwenye milima ile ya kaskazini inayochapishwa kwenye makopo ya biskuti. Sketi ya mirabaraba wengi huivaa harusini, na mara nyingi ni ya kukodi. Mwanamke anayeuza mikate asubuhi mtaani Govanhill hana zumari. Ana magoti yanayomuuma, ana mjukuu, ana maoni makali juu ya basi lililochelewa. Ukimwandika huyo na basi lake, tutamwona.

La kwanza tunalowaambia watoto ni kwamba Mskoti si Mwingereza. Kwetu sisi mzungu ni mzungu, na nchi yote ile tunaiita Uingereza, na hata katika makala hii tunaiita hivyo. Lakini mtie Mskoti katika hadithi akubali kuitwa Mwingereza bila kunung'unika, na msomaji wa hapa atafunga kitabu. Nchi hizi mbili ziliunganishwa bunge mwaka 1707, ila Uskoti ilibaki na sheria zake, kanisa lake na shule zake. Mtoto wa hapa yuko "P7" kisha anaingia "S1", hayuko "Year 7". Noti mfukoni mwake yaweza kuwa imetolewa na benki ya Uskoti. Tarehe 2 Januari ni sikukuu kwake, na kwa jamaa zake wa London ni siku ya kazi. Hayo ni mambo madogo, lakini hadithi iliyokosea madarasa ya shule inanuka ugeni tangu ukurasa wa kwanza, tena kwa mtoto aliyezaliwa hapa hapa!

Halafu kuna jambo ambalo watoto wengi hawalijui, nalo ni kwamba Waskoti walifika kwetu kabla sisi hatujafika kwao. William Mackinnon, mwenye kampuni ya meli, alizaliwa Campbeltown, mji mdogo wa bandari magharibi ya Uskoti, mwaka 1823. Ndiye aliyeanzisha kampuni ya Imperial British East Africa iliyopata hati yake mwaka 1888, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Kismayo yetu ilikuwa chini ya kampuni hiyo. Kisha ikaja serikali yenyewe, na mwaka 1925 Jubaland ikakabidhiwa Waitaliano. John Kirk, balozi aliyemshinikiza Sayyid Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, naye ni Mskoti, mzaliwa wa kijiji karibu na Arbroath. Babu zetu waliwaita Waingereza wote hao. Kijana anayetaka kuandika hadithi ya zamani ya Kismayo ana Mskoti tayari, karani wa kampuni aliyetoka mji wa bandari, anayejua nyavu na harufu ya samaki, na anayetumikia amri za watu asiowapenda sana. Huyo ni mtu mzima zaidi ya yule mlevi wa lifti.

Tuje kwenye maneno, maana hapa ndipo penye utamu. Mtoto akimsemesha mzee wa Glasgow Kiingereza cha habari za redio, mzee yule hayuko. Lakini pia akiandika kila neno kwa matamshi ya mtaani, msomaji anachoka baada ya mistari mitatu. Kwetu tunaujua mtego huo. Mbajuni halisi anasema "wachu" pale wengine wanaposema watu, na hesabu yake ya tatu ni "chachu". Bibi wa Chula akisema Kiswahili cha kitabu cha shule ya Dar es Salaam, amekufa palepale kwenye karatasi. Akisema Kibajuni kitupu kuanzia juu hadi chini, mtoto wa Tanga hatamfuata. Neno moja au mawili kwa mahali pake yanatosha, kama chumvi.

Na ni maneno gani? Si lazima yawe ya ajabu. Mskoti hakuulizi unaishi wapi, anakuuliza "where do you stay?" Walimu wengine wa Kiingereza huliona ni kosa, lakini sisi tulipolisikia mara ya kwanza tulifurahi, kwa maana ndivyo tusemavyo wenyewe: unakaa wapi? Akienda dukani kununua vitu vya nyumbani anakwenda kuchukua "messages". Mwanangu ni "wean". Ngazi za pamoja za jengo la zamani ni "close", na mtu wa Glasgow anajua jirani gani kapitisha zamu ya kuziosha. Mvua ina majina yake, kama sisi tulivyo na majina ya pepo. Manyunyu yale yasiyoonekana lakini yanakulowesha mpaka mifupani yanaitwa "smirr", na siku nzima ya kijivu isiyo na mbele wala nyuma ni "dreich". Binti mmoja wa darasa letu ameandika kwamba mzee wa ghorofa ya chini alitazama nje, akasema "dreich", akarudi kulala. Sentensi moja tu, na mzee yule tunamwona kuliko walevi wote wa fungu lile.

Msisahau maswali wanayokuuliza. Glasgow mtoto akikuuliza timu yako, mara nyingine hakuulizi mpira. Celtic na Rangers zimebeba nyuma yao Ukatoliki na Uprotestanti, Ireland na Uingereza, na hata shule, kwa kuwa Uskoti ina shule za serikali za Kikatoliki. Wako watoto wetu waliojifunza kujibu "Partick Thistle" ili wapite salama, na jibu hilo huleta kicheko pande zote mbili. Mhusika anayeujua ujanja huo ameishi Glasgow kweli.

Mahali nako kunataka uangalifu, hasa saa. Kismayo iko karibu kabisa na ikweta. Ndiyo maana saa zetu za Kiswahili zinakwenda sambamba na jua: saa kumi na mbili jioni ni magharibi, leo, kesho na mwakani. Chukua saa hizo uzilete Glasgow uone maajabu. Mwisho wa Juni jua linazama kama saa nne usiku. Katikati ya Desemba linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha zama. Ramadhani ya Juni 2016 watu wa hapa walifunga zaidi ya saa 18. Mvulana mmoja aliandika kwamba baba alirudi kazini saa kumi na moja jioni ya Desemba, akaswali Alasiri, kisha wakatazama machweo. Tulimrudishia na kalamu nyekundu. Mtoto huyu anaswali kila siku na ratiba ya msikiti imebandikwa kwenye friji yao. Lakini alipoanza kuandika hadithi aliiacha friji, akaandika kutoka kwenye hadithi nyingine alizowahi kusoma. Hiyo ndiyo shida yote kwa ufupi.

Sasa tufike visiwani, na hapa ndugu wasomaji mtuvumilie tukirefusha, maana kwa maoni yetu hapa ndipo Mbajuni anapoweza kumwandika Mskoti kuliko mwandishi yeyote wa London.

Huko magharibi ya Uskoti kuna visiwa vyenye watu wa bahari. Lugha yao ni Kigaeli, na sensa ya 2011 iliwahesabu wasemaji wapatao 57,000 tu katika Uskoti nzima. Wazee wao walichapwa shuleni kwa kuisema. Wanatega kamba kwa malema kama sisi tulivyotega samaki kwa yetu. Jumapili ya kisiwa cha Lewis ni nzito. Meli ya abiria ya Stornoway haikuwa ikisafiri siku hiyo hadi Julai 2009, na ilipoanza, wako waliosimama bandarini kupinga. Kanisani kwao hakuna kinanda. Mmoja anatangulia kuimba mstari wa Zaburi, na watu wote wanamfuata kwa sauti zinazopanda na kushuka kama mawimbi. Mzee wetu mmoja aliisikia kanda yake akadhani ni dhikri. Itikadi ni mbalimbali, tena sana, na hatutaki mtoto achanganye. Lakini mtu anayeiacha kazi yake kwa ajili ya ibada, na kuwaona wanaofanya kazi siku hiyo kuwa wamepotea, kwetu si mgeni. Hata msikiti upo huko. Familia za asili ya Pakistan zimekaa Stornoway kwa miongo mingi, na mwezi Mei 2018, siku chache kabla ya Ramadhani, walifungua msikiti wao wa kwanza.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1919, meli iitwayo Iolaire ilikuwa inawarudisha nyumbani mabaharia wa Lewis na Harris waliomaliza vita. Ilipanda mwambani karibu kabisa na mlango wa bandari ya Stornoway, na watu wapatao 200 walikufa maji, hatua chache kutoka pwani, huku wake na mama zao wamekwisha tandika vitanda. Inasemekana kwa muda mrefu watu wa kisiwa hawakupenda hata kuitaja. Ni nani atakayeyafahamu hayo kama si watu ambao kila ukoo una jina la mtu aliyekwenda na mashua asirudi?

Na kuna St Kilda. Visiwa hivi viko mbali zaidi, katikati ya bahari ya Atlantiki, na watu wake waliishi kwa ndege wa baharini, wakiwakamata kwenye majabali kwa kamba. Walipungua, vijana wakaondoka, maradhi yakawala, na tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 waliobaki walihamishwa kwa ombi lao wenyewe. Inasimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia imefunguliwa na nafaka kidogo. Tulipowasomea watoto habari hii, darasa lilinyamaza. Kisha mmoja akauliza: "Khalati, na sisi tuliacha nini ndani ya nyumba?" Wazazi waliokuwapo walitazamana. Mmoja akasema chungu jikoni, kilikuwa bado na moto. Mwingine akasema yeye hakumbuki, anakumbuka mbuzi tu.

Hapo hadithi ziligeuka. Tangu siku ile zimepungua sketi na zumari.

Linabaki la dini na unywaji, maana wazazi wengi hapo ndipo wanapouliza. Je, tuwafundishe watoto kuficha kwamba Waskoti wengi wanakunywa pombe? La hasha. Ulevi upo, nao umezivunja nyumba nyingi za hapa, na wenyewe Waskoti wanausema kwa uchungu kuliko sisi. Tunachokataa ni mhusika ambaye ulevi ndio jina lake, kabila lake na kazi yake. Mwandike mtu anayekunywa kisha utwambie alimzika nani. Na mwandike pia yule asiyekunywa, maana wapo wengi, na baadhi yao ni Waislamu wenzetu wa damu ya hapa.

Mfano tunaoupenda ni Lady Evelyn Cobbold. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1867, binti wa ukoo wa kilodi, na utotoni alikuwa akipelekwa Algeria wakati wa baridi, akacheza na watoto wa Kiislamu na kuingia misikitini pamoja nao. Alisilimu, akaitwa Zainab, na mwaka 1933, akiwa na miaka 65, alikwenda Hija na kuandika kitabu juu ya safari yake. Mama huyo alikuwa pia mwindaji hodari wa paa milimani. Alifariki Januari 1963 na akazikwa kwenye mlima wa shamba lake la Glencarron, ameelekezwa Qibla. Imamu alisafiri kutoka Woking kuja kumswalia kwenye theluji, na mpiga zumari alikuwapo. Naam, ndugu zetu, zumari lenyewe hilo! Sisi tusingelibuni, na mtoto angelibuni tungelikata. Lakini liko kaburini kwa Mwislamu wa Kiskoti kwa sababu huyo alikuwa nani na pale palikuwa wapi.

Mwandishi Leila Aboulela, dada yetu wa Sudan aliyehamia Aberdeen mwaka 1990, amewatuma wanawake watatu wa Kiislamu kwenda kulizuru kaburi hilo katika riwaya yake Bird Summons ya mwaka 2019. Vijana wanaosoma Kiingereza waanze na The Translator, ya mwaka 1999. Ndani yake kuna Rae, mwalimu wa chuo wa Kiskoti anayeusoma Uislamu, mwenye pumu na talaka na ukaidi wake. Si shetani na si mwokozi. Ukimaliza kitabu unahisi ungeweza kumkuta kwenye foleni ya posta.

Na asije mtu akadhani tunataka Waskoti wote wawe malaika. Wako majirani waliotutemea mate, na watoto waandike hilo pia. Lakini waandike vilevile tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi, mtaani Kenmure, Pollokshields. Gari la uhamiaji lilikuja asubuhi kuwachukua wanaume wawili wa Kihindi. Mtu mmoja akajilaza chini ya gari, watu wakatoka majumbani, wakawa mamia, wakakaa barabarani kama saa nane mpaka wanaume wale wakaachiwa. Wengine katika umati ule walikuwa na nguo zao za Idi. Anayeandika hadithi ya siku ile asianze na umati. Atafute mtu mmoja aliyetoka na kikombe cha chai mkononi, akidhani anakwenda kuchungulia tu.

Kwa fungu la pili, lile la mabibi chini ya mnazi, tumewapa watoto kazi moja: wapige simu. Wasiulize "zamani ilikuwaje," maana swali hilo huleta kilio kile kile. Waulize kitu kidogo. Kusi ikivuma na bahari imechafuka, mlikula nini? Nani alikuwa na kelele zaidi pale kisimani? Nani alidaiwa na nani? Majibu yaliyokuja ni ya kuchekesha, na mengine hayachapishiki hapa kwa heshima ya wahusika, ambao wako hai na wanasoma.

Hadithi inayotusumbua wiki hii ni ya binti wa miaka kumi na tatu. Amewakutanisha mwanamke wa St Kilda wa mwaka 1930 na bibi wa Chula wa mwaka 1991, wote wawili wamehama, wamewekwa katika jiko moja Glasgow na hawana lugha ya pamoja. Wanapikiana. Bibi wa Chula ametoa samaki wa nazi. Mwenzake naye ametoa ndege wa baharini aliyetiwa chumvi, chakula ambacho wanaume wa Ness huko Lewis wamekuwa wakikifuata kwenye jabali la Sula Sgeir kwa kibali maalumu. Binti amesimama hapo, kalamu juu, hataki kuendelea. Anasema bibi yake hawezi kuula mpaka ajue kama ndege huyo ni halali na amechinjwa vipi, na kwamba akimlisha bila kuuliza hatakuwa bibi yake tena. Swali tumelipeleka kwa maalim, naye ameomba muda mpaka Jumamosi ijayo.